Twende Serowe Tukaone Baraza la Watu

Neno "demokrasia" tunalisikia mara nyingi. Tunalisikia redioni, mikutanoni, na hasa wakati wa kampeni. Ukiwauliza watu maana yake, wengi watakujibu upesi: ni kupiga kura. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Kura ya kuchagua wabunge hupigwa siku moja katika miaka 5. Siku nyingine zote watu wanalima, wanachunga, wanagombania mipaka ya mashamba, wanachangia ujenzi wa shule. Je, siku hizo demokrasia iko wapi?

Mwezi huu tutalitafuta jibu kwa kusafiri. Twende Botswana, kusini mwa Afrika. Huko kuna kijiji kikubwa kiitwacho Serowe. Katika kijiji hicho kuna uwanja uliozungushiwa magogo. Hapo watu wamekuwa wakikutana na kusemezana tangu zamani, kabla ya uchaguzi wa vyama kufika nchini mwao. Tutaona mazuri ya uwanja huo. Tutaona pia kasoro zake, kwa sababu mgeni anayesifu tu hajifunzi kitu.

NCHI YENYE KIU

Botswana haina bahari. Imezungukwa na Afrika Kusini, Namibia, Zambia na Zimbabwe. Kwa ukubwa inakaribia sana kuwa sawa na Kenya. Lakini watu wake ni wachache. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa hawafiki milioni 2 na nusu. Sababu ni ukame. Sehemu kubwa ya nchi ni Kalahari, ardhi ya mchanga na vichaka. Watu wengi wanaishi upande wa mashariki, ambako mvua ni afadhali kidogo.

Kwa watu hawa mvua ni jambo kubwa kuliko yote. Kwa lugha yao, Kitswana, mvua ni "pula". Hata fedha yao, iliyoanza kutumika mwaka 1976, inaitwa pula. Na mtu akimaliza kusema neno zuri mkutanoni, watu huitikia kwa sauti: "Pula!" Maana yake ni kama kusema: mvua na itunyeshee, baraka na ije.

Waingereza waliitawala nchi hii tangu mwaka 1885, wakiiita Bechuanaland. Hawakujali hata kujenga makao makuu ndani yake. Waliitawala kutoka mji wa Mafeking, ambao uko Afrika Kusini. Nchi ilipata uhuru tarehe 30 Septemba 1966. Rais wake wa kwanza alikuwa Seretse Khama. Wasomaji wenye umri mkubwa watalikumbuka jina hilo. Botswana ilikuwa pamoja na Tanzania katika nchi zilizo mstari wa mbele, zilizosaidia ukombozi wa kusini mwa Afrika.

Baada ya uhuru, viongozi wa Botswana waliweka nguzo 4 za kuongoza taifa. Nguzo hizo ni demokrasia, maendeleo, kujitegemea na umoja. Baadaye iliongezwa nguzo ya tano, nayo ni "botho". Litazame neno hili vizuri, ndugu msomaji. Kwa Kitswana mtu ni "motho" na watu ni "batho". Basi "botho" ni nini? Ni utu. Neno lao na neno letu ni ndugu wa mzizi mmoja.

KUTOKA GABORONE

Safari yetu inaanza Gaborone, mji mkuu. Mji huu ni mpya. Ulianza kujengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya uhuru, ili nchi itawaliwe kutoka ndani.

Kabla hatujapanda basi, tutazame sanamu 3 kubwa za wanaume waliosimama. Ni machifu Khama wa Tatu, Sebele wa Kwanza na Bathoen wa Kwanza. Mwaka 1895 walisafiri kwa meli mpaka Uingereza. Walikwenda kukataa nchi yao isikabidhiwe kwa kampuni ya tajiri Cecil Rhodes. Walizunguka miji mingi wakieleza shauri lao mbele ya watu, na serikali ya Uingereza ikawasikiliza. Wengine kusini mwa Afrika walipoteza ardhi yao kwa kampuni hiyo. Watu wa machifu hawa walibaki na sehemu kubwa ya ardhi yao. Silaha ya machifu hao ilikuwa maneno. Watswana wana methali isemayo kwamba vita kubwa ni ile ya mdomo. Kwao, mambo makubwa hupiganiwa kwa kusema.

Sasa tupande basi. Barabara kuu inakwenda kaskazini. Pande zote mbili ni miiba na vichaka, na hapa na pale ng'ombe wamesimama kivulini. Tunapita Mahalapye, tunafika Palapye. Hapo tunaiacha barabara kuu na kugeuka magharibi. Baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 45 tunafika Serowe.

Serowe ni makao makuu ya Wangwato, moja ya makabila makubwa ya Watswana. Chifu Khama wa Tatu aliwahamishia watu wake hapa mwaka 1902, kwa sababu mahali pa zamani maji yalikuwa yamepungua. Ingawa ni makazi ya watu maelfu mengi, bado watu hukiita kijiji. Nyumba zimepangwa kwa mitaa ya koo. Kila mtaa una baraza lake dogo. Juu ya mabaraza hayo yote liko baraza kuu, chini ya kilima kiitwacho Thathaganyana.

NDANI YA UA WA MAGOGO

Baraza hilo kwa Kitswana linaitwa "kgotla". Sauti ya mwanzo hutoka kooni, karibu na "kh" yetu. Ni uwanja wa wazi. Upande mmoja umezungushiwa magogo mazito yaliyosimamishwa wima, yakiwa na umbo la mwezi mchanga. Kuna miti ya kivuli. Kwa desturi, zizi la ng'ombe huwa karibu.

Ukiingia, mwanamume anavua kofia. Mwanamke anavaa gauni au sketi. Katika mabaraza mengi aliyevaa suruali hurudishwa. Wazee huja na viti vyao vifupi vya mbao, vilivyofumwa kwa kamba za ngozi. Chifu, anayeitwa "kgosi", hukaa mbele, na wazee wa koo humzunguka.

Mkutano huendeshwa hivi. Jambo linaelezwa mbele ya wote. Kisha uwanja unafunguliwa. Anayetaka kusema husimama, husalimu, kisha hutoa maneno yake. Mwingine humpinga, na wa tatu huwapinga wote wawili. Hakuna ruhusa ya kumkatiza anayesema. Chifu ananyamaza akisikiliza. Yeye husema mwisho. Hukusanya maneno yote, huona mizani imelalia wapi, ndipo hutamka uamuzi.

Kwa nini chifu aseme mwisho? Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Mkubwa akisema kwanza, wadogo watasema nini? Watarudia maneno yake tu. Mkutano utakuwa wa kuitikia, na mwenye wazo jema atarudi nalo nyumbani. Lakini mkubwa akisikiliza kwanza, kila mtu ana nafasi ya kusema alilo nalo.

Desturi hii inashikwa na methali. Moja husema kwamba chifu ni chifu kwa sababu ya watu. Asipokuwa na watu, yeye ni mtu kama wengine. Methali nyingine husema kwamba maneno yote ya barazani ni mazuri. Hii haina maana kwamba kila mtu amesema sawa. Maana yake ni kwamba hata aliyekosea asiadhibiwe kwa kusema. Neno lake limewasaidia wengine kuona lililo sahihi.

Hapa tumeikuta thamani ya kwanza ya jamii ya kidemokrasia. Mtu aseme bila hofu, na mwenye madaraka asikilize kabla ya kuamua. Kusema bila kusikilizwa ni kupoteza pumzi.

SIKU WATU WALIPOSIMAMA

Katika uwanja huu huu, mwaka 1949, lilitokea jambo ambalo watu wa Serowe hawalisahau.

Seretse Khama alizaliwa mwaka 1921. Alikuwa mjukuu wa Khama wa Tatu na mrithi wa uchifu. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, basi amu yake Tshekedi akashika utawala kwa niaba yake. Seretse alikua, akaenda Uingereza kusomea sheria. Mwezi Septemba 1948 alimwoa huko mwanamke Mwingereza, Ruth Williams.

Tshekedi alikasirika. Hoja yake ilikuwa na uzito. Mke wa chifu ni mama wa watu wote, basi chifu hawezi kuoa bila kuwauliza watu. Seretse alirudi, na baraza likaitwa. Mara ya kwanza na ya pili wengi walikuwa upande wa Tshekedi. Lakini waliendelea kuzungumza. Mwezi Juni 1949 baraza lilikutana mara ya tatu. Maelfu ya wanaume walifika, na maneno yakachukua siku kadhaa. Mwisho Seretse aliwataka wasiomkubali yeye na mkewe wasimame. Walisimama watu wachache, wapatao 40. Kisha akawataka wanaomkubali wasimame. Umati mzima ukainuka kwa vifijo.

Tazama mambo mawili hapa. Kwanza, watu walibadili mawazo yao kwa kusikia hoja. Pili, wale wachache walisimama mbele ya maelfu, wakaonekana na kila mtu. Kupinga hadharani si jambo rahisi. Baraza ambalo halina nafasi ya wapinzani haliwezi kujua kama wanaokubali wanakubali kweli.

Lakini uamuzi wa Serowe haukuheshimiwa na wakubwa wa mbali. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini ilikuwa ikisimamisha ubaguzi wa rangi, na ndoa hiyo iliiudhi sana. Waingereza waliogopa kuikosea. Waliunda tume. Tume ilisema kwamba Seretse mwenyewe alifaa kutawala, na kwamba kikwazo ni chuki ya Afrika Kusini. Waingereza wakaificha taarifa hiyo, na mwaka 1950 wakamzuia Seretse kuishi nchini mwake.

Kisha wakawaita Wangwato barazani wachague chifu mwingine. Wangwato walikataa. Walisema wamekwisha kuchagua. Fujo zilitokea mwaka 1952 na watu walikufa. Hata hivyo hawakumtoa chifu mwingine. Mwaka 1956 Seretse alirudi, baada ya kukubali kuuacha uchifu. Alirudi akiwa raia wa kawaida. Miaka 10 baadaye raia huyo alikuwa rais, kwa kura za watu. Alipatana na amu yake. Leo wote wawili wamezikwa kwenye kilima cha Thathaganyana, juu ya uwanja ule walioshindania.

Somo la pili liko hapa. Wananchi wakiisha kuamua kwa haki, uamuzi wao uheshimiwe. Na taarifa zinazowahusu zisifichwe. Anayeficha taarifa anajua kuwa watu wakiijua watamkatalia.

ALMASI YA NANI?

Mwaka 1967 almasi nyingi ziligunduliwa mahali paitwapo Orapa. Eneo hilo lilikuwa katika ardhi ya Wangwato, kabila la Rais Seretse mwenyewe. Ingekuwa rahisi kusema: mali hii ni yetu, makabila mengine yatafute yao. Lakini mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuyaweka madini mikononi mwa taifa zima. Fedha za almasi zilijenga barabara, shule na zahanati hata kwa watu ambao ardhi yao haikuwa na kito hata kimoja.

Umoja huonekana kwa matendo ya namna hii. Ni rahisi kuimba umoja wakati hakuna cha kugawana. Umoja hupimwa siku mali inapopatikana.

MAUN, MWAKA 1991

Sasa tuiache Serowe kwa muda mfupi. Twende kaskazini magharibi, mpaka Maun. Mji huu uko pembeni ya Okavango. Okavango ni mto wa ajabu. Hauendi baharini. Unasambaa mchangani na kufanya visiwa, mabwawa na matete. Watu wa huko huvua, hulima kingo zenye unyevu, na huwanywesha ng'ombe wao.

Serikali ilikuwa na mpango wa kuchimba na kupanua mto Boro, mmoja wa mikono ya Okavango. Shabaha ilikuwa kupata maji ya kilimo, ya mji wa Maun na ya mgodi wa Orapa. Wataalamu walikuwa wameandaa kila kitu na mitambo ilikuwa tayari kuanza kazi. Mwezi Januari 1991 viongozi wa serikali walifika barazani Maun kuueleza mpango. Wananchi wakasimama mmoja baada ya mwingine, kwa saa nyingi. Waliuliza: mto ukikauka chini, tutavua nini? Matete yakifa, tutaezeka kwa nini? Nani ametuuliza?

Serikali ilisimamisha kazi. Iliwaita wataalamu wengine kutoka nje waupime upya mpango wote. Wataalamu hao waliona mashaka ya wananchi yana msingi. Mwaka 1992 mpango uliachwa.

Hii haina maana kwamba kila neno la barazani huko hufuatwa. Mara nyingine viongozi huja na uamuzi ambao umekwisha kufanywa, na mkutano huwa wa kutangaza tu. Wananchi wa Botswana wenyewe hulilalamikia jambo hilo. Lakini kwa kuwa Maun ilitokea, hakuna anayeweza kuwaambia kwamba haiwezekani.

WALIOACHWA NJE YA UA

Ndugu msomaji, sasa turudi Serowe na tulitazame lile boma la magogo kwa jicho lingine. Ua una kazi mbili. Unawakusanya walio ndani, na unawazuia walio nje. Je, zamani nani alikuwa nje?

Wa kwanza ni wanawake. Kwa desturi baraza lilikuwa mahali pa wanaume. Mwanamke alikuja akiitwa, kwa mfano ana kesi, na mara nyingi mwanamume alimsemea. Katika ule umati wa mwaka 1949 waliosimama walikuwa wanaume. Nusu ya watu hawakuulizwa, ingawa jambo lenyewe lilihusu ndoa.

Wa pili ni Wasarwa, ambao wengine huwaita San. Hawa ndio wakazi wa kale kabisa wa Kalahari. Wengi wao walifanywa watumishi wa wenye ng'ombe, na mtumishi hakuwa na sauti barazani. Methali ilisema maneno yote ni mazuri, lakini hawa hawakupewa nafasi ya kuyatoa.

Basi demokrasia ya namna hii ilikuwa na tundu. Iliwezaje kuzibwa? Haikuzibwa barazani peke yake. Ilihitaji sheria na mahakama.

Mwanasheria mmoja, Unity Dow, aliolewa na mgeni. Watoto wake waliozaliwa ndani ya ndoa hiyo walizaliwa Botswana, lakini sheria ya mwaka 1984 ilikataa kuwatambua kuwa raia. Mwanamume wa Botswana aliyeoa mgeni hakupata shida hiyo. Watoto wake walikuwa raia. Unity Dow aliishtaki serikali yake mwenyewe. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1991, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 1992. Baadaye Bunge likaibadili sheria. Mwaka 1998 mama huyo akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Botswana.

Wasarwa nao walikwenda mahakamani. Serikali ilikuwa imewahamisha kutoka katika hifadhi ya wanyama ya Kalahari ya Kati, mwaka 1997 na tena mwaka 2002. Tarehe 13 Desemba 2006, mjini Lobatse, Mahakama Kuu iliamua kwamba walioshtaki waliondolewa kwenye ardhi yao kinyume cha sheria. Majaji walikuwa 3, na mmoja wao alikuwa Unity Dow. Shida za Wasarwa hazikwisha siku ile. Walilazimika kurudi tena mahakamani kudai haki ya kupata maji, wakashinda mwaka 2011. Lakini nchi nzima ilisikia kwamba hata serikali iko chini ya sheria.

Siku hizi wanawake husema katika mabaraza ya Botswana. Huko Ramotswa, kusini mwa Gaborone, mwanamke aitwaye Mosadi Seboko alishika uchifu mkuu wa Wabalete tangu mwaka 2002. Wapo walionung'unika kwamba mila imevunjwa. Lakini mila hiyo hiyo ndiyo inayosema kwamba chifu ni chifu kwa sababu ya watu, na wanawake nao ni watu.

Hili ndilo somo la tatu, na mimi naliona kubwa kuliko yote. Ukitaka kujua kama mahali pana demokrasia, usiangalie tu wanaosema. Angalia nani amekaa nje ya ua, na uulize kwa nini.

KURA NA KUPOKEA KUSHINDWA

Kgotla si mahali pa kampeni za vyama. Vyama hufanya mikutano yao kwenye viwanja vingine, vinavyoitwa viwanja vya uhuru. Baraza ni la watu wote, basi mtu wa chama chochote aingie bila kuuliza kama ni lake. Tena uchifu ni wa kurithi, lakini serikali ni ya kuchaguliwa. Watswana wameviweka vitu hivi viwili kila kimoja mahali pake.

Tangu uhuru Botswana imefanya uchaguzi wa vyama vingi kila baada ya miaka 5. Lakini chama kimoja, BDP, kilichoanzishwa na Seretse na wenzake, kilishinda kila mara. Watu wengine waliuliza: demokrasia gani hii, mshindi ni yule yule? Jibu lilipatikana tarehe 30 Oktoba 2024. Mauzo ya almasi yalikuwa yameshuka, na vijana wengi hawakuwa na kazi. Wananchi walikiondoa chama kilichotawala kwa miaka 58. Kati ya viti 61 vya kuchaguliwa vya Bunge, BDP ilipata 4 tu. Chama cha UDC kilipata 36.

Rais Mokgweetsi Masisi alifanya nini? Tarehe 1 Novemba, kabla kura zote hazijamalizika kuhesabiwa, alikubali hadharani kwamba ameshindwa. Alimpongeza mpinzani wake, Duma Boko. Siku hiyo hiyo Boko aliapishwa.

Kuapishwa kwa rais mpya ni kazi ya saa moja. Lakini matayarisho yake yalichukua miaka mingi. Mtu aliyezoea baraza amekwisha kujifunza kusema hoja yake, kuona wengi hawaikubali, na kurudi nyumbani kwa amani. Hakupoteza heshima yake. Mkutano ujao atakuwepo, na ataisema tena.

BARAZA LETU

Ndugu msomaji, safari imekwisha, sasa tutazame kwetu. Tanganyika iliwaondoa machifu katika utawala mwaka 1963, na hatuna haja ya kujenga ua wa magogo. Lakini tuna mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema wajumbe wa mkutano huo ni wakazi wote wa kijiji wenye miaka 18 au zaidi. Si wanaume tu, si wenye mali tu, si wanachama wa chama kimoja tu. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji isigawe ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu. Hiyo ni nguvu kubwa. Lakini nguvu iliyo kwenye karatasi ni kama jembe lililowekwa darini. Halilimi mpaka lishikwe.

Basi mkutano ukiitwa, nenda. Mapato na matumizi yakisomwa, sikiliza, na usipoelewa uliza. Asiyejua kusoma asomewe. Mama aliyekaa nyuma akiinua mkono, mwenyekiti amwone. Kijana akisema usilolipenda, mwache amalize. Na wewe uliye kiongozi, jaribu kusema mwisho. Utashangaa ni mambo mangapi wananchi wanayajua ambayo wewe hujaambiwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Katika mkutano wa mwisho wa kijiji chenu, nani alisema kwanza? Nani hakusema kabisa, na kwa nini?

2. Je, mtu wa kijiji chenu anaweza kupinga jambo mkutanoni bila kuogopa?

3. Je, mnajua fedha za kijiji zimetumikaje mwaka huu? Kama hamjui, mtauliza kwa nani, na lini?